Mstari Unapita Nyumba ya Nani?



Mwaka 2012 Jiji la Mwanza liligawanywa, Ilemela ikawa manispaa yenye makao yake Buswelu. Sisi wa Pasiansi, tuliozoea kushuka mjini kwa shughuli za halmashauri, tukageuza njia. Kata nazo zikamegwa baadaye, hata Ilemela ikafikisha 19.

Kwa utaratibu, wazo la kugawa kata huanzia kwenye mikutano ya wakazi mitaani. Hupita kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, na kamati za ushauri za wilaya na mkoa, ndipo limfikie Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Ngazi za juu zina viti na posho. Ile yetu ina kivuli cha mwembe, nasi twaikimbia.

Nimewahi kuhudhuria mkutano kama huo. Tulikuwa wachache, wengi wazee. Muhtasari ukaandikwa kwamba wakazi wameridhia. Hakuna aliyedanganya, waliokuwapo waliridhia kweli. Baadaye jirani yangu alifuata barua ya utambulisho, akarudishwa mara mbili: nyumba yake imehamia mtaa mwingine, na yeye hajabeba hata kitanda! Alifoka sana. Siku ya mkutano alikuwa mwaloni akinunua dagaa.

Basi kipaza sauti kikipita kutangaza mkutano, uliza ajenda. Ikiwa ni mipaka, nenda, na kabla hujatia sahihi karatasi ya mahudhurio waambie wakuoneshe mstari unaanzia nyumba ya nani na kuishia kwa nani.