Dawa Hufuata Damu

Kitazameni vizuri kidonda kilichokataa kupona, kiwe cha mwiba wa mkonge, cha moto au cha kuumwa na bafe. Mara nyingi mtaona gamba jeusi, gumu kama ngozi iliyoanikwa, au utando wa manjano unaoteleza na kunuka. Hiyo ni nyama iliyokufa. Damu haipiti tena humo, na kwa kuwa kidonge tunachomeza husafiri kwa damu, dawa nayo haifiki. Vijidudu hupata maficho na chakula. Ndiyo maana mtu humaliza dozi nzima na kidonda kikabaki vilevile: kilichokufa hakijaondolewa.

Ushahidi wake ni wa zamani. Makaburi ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia yaliyopo hapa Voi na kule Taveta yalichimbwa kabla penisilini haijagunduliwa. Bila dawa hiyo, katika vita hivyohivyo, huko Ubelgiji, mpasuaji Antoine Depage alihimiza nyama yote iliyoharibika ikatwe, na jeraha liachwe wazi kwanza kabla ya kushonwa. Mwaka 1917, nchini Ufaransa, daktari Mmarekani William Baer aliwapokea majeruhi wawili waliolala uwanjani siku saba, majeraha yao yakiwa yamejaa mabuu. Alipoyaosha majeraha hayo, chini ya mabuu alikuta nyama safi, nyekundu. Mabuu yalikuwa yamekula kilichooza na kuacha kilicho hai.

Wapo wanaosema kukata nyama iliyokufa kutapanua kidonda. Ni kweli kitaonekana kikubwa zaidi, lakini huo ndio ukubwa wake halisi, uliokuwa umefunikwa. Wengine wanaogopa maumivu. Nyama iliyokufa haina hisia, na iliyo hai kando yake hutiwa ganzi. Nauli ya kutoka Kasigau hadi hospitali ya Voi ni mzigo, nakubali; ila dawa inayonunuliwa kila wiki bila kufika mahali pake ni mzigo mkubwa zaidi.

Hata hivyo, wembe wa nyumbani usiguse kidonda. Chini ya gamba kuna mishipa na kano, na gamba kavu la kisigino kwa mwenye kisukari huenda likahitaji kuachwa lilivyo, ikiwa damu haifiki vizuri mguuni. Mhudumu wa afya hupapasa kwanza mapigo ya mguu, ndipo aamue. Basi nendeni Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi, au kituo kilicho karibu, mwulize: je, kidonda hiki kina nyama iliyokufa?