Ndege ya mabua na kiti cha rubani

Juma hili naomba tuzungumze juu ya vitu viwili ambavyo mtu akivitaja pamoja anaweza kuchekwa. Cha kwanza ni ndege ya mabua anayoiunda mtoto wa mkulima kule Ipililo, mkoani Simiyu. Cha pili ni kiti cha rubani wa ndege ya kivita, kile kinachofyatuka na kumtoa rubani nje ndege inapoharibika angani. Mimi nasema cha kwanza kinakihitaji cha pili, na sisi watu wazima ndio tunaozuia visikutane.

Tuanze na mabua. Yeyote aliyepita Usukumani baada ya mavuno amewaona watoto hawa. Mtama umeshaingia ghalani, pamba imeuzwa au inangoja kuuzwa, ng'ombe wameachiwa shamba wale masalia, na mtoto anayewachunga anachagua bua lililokauka vizuri. Analimenya, anabaki na kiini laini na chepesi. Ganda halitupi, analichana vijiti vyembamba na kuvitumia kama misumari. Bua moja linakuwa kiwiliwili cha ndege, jingine mabawa, vipande vidogo mkia. Magurudumu anayakata kwenye kandambili iliyochakaa. Hakuna gundi, hakuna hata senti moja iliyotumika, na ndege inasimama.

Sisi tunaita mchezo. Tena wapo wazazi wanaoikanyaga ndege hiyo kwa hasira kwa sababu ndama ameingia kwenye shamba la jirani. Simtetei mtoto aliyezembea ndama. Lakini tusidharau kazi yenyewe, maana kwingineko duniani kazi hii hufanywa na watu wazima wenye mvi, na wanaiheshimu.

Tangu miaka ya 1950 viwanda vya Ulaya, na baadaye Japani, vimekuwa vikiuza ndege za plastiki za kuunganisha kwa gundi. Mnunuzi hukaa nazo miezi akipaka rangi na kubandika alama. Sharti kubwa ni moja: skeli. Skeli inayopendwa sana ni ya moja kwa sabini na mbili. Chukua ndege ya MiG-21, ambayo Tanzania iliwahi kuwa nayo. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ni mita 7.15. Gawanya kwa 72, unapata karibu sentimita 10. Hivyo ndege iliyotikisa anga inakaa kwenye kiganja cha mkono, na hakuna kipimo kilichodanganywa.

Msidhani huo ni upuuzi wa wenye fedha. Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa nchi hiyo watengeneze ndege za mfano 500,000 kwa skeli hiyo hiyo. Sababu ilikuwa kuwafundisha askari kutofautisha ndege ya adui na ya kwao. Mfano wa namna hiyo ukiutazama ukiwa mita 10 mbali nawe, jicho linauona sawa na ndege kamili iliyo mita 720. Mtoto aliyekosea pembe ya bawa angeweza kumkosesha askari shabaha, au mbaya zaidi, kumfanya ampige mwenzake.

Na jambo hilo si la Wamarekani peke yao. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Kanda ya Ziwa nzima ilikuwa ikitazama juu kwa hofu. Waandishi wa historia ya vita ile wameeleza kwamba ndege zetu wenyewe zilitunguliwa na walinzi wetu eneo la Musoma kwa kudhaniwa ni za adui. Hapo utaona kwamba kujua umbo la ndege, bawa lake limelala vipi na mkia umesimama vipi, ni elimu. Kuikosa kunaweza kuua.

Sasa turudi Ipililo. Safari moja nilisimama kandokando ya barabara kumtazama mtoto wa miaka kama kumi na ndege yake. Aliniamkia, "Shikamoo." Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Hiyo ni ndege ya nini?" Akasema ni ya vita. Nikamwuliza kaionea wapi. Akasema kwenye kibanda cha video. Alikuwa amechonga mabawa yameelekea nyuma, kama yanavyopaswa kuwa, na chini yake ametundika mabomu mawili ya vijiti. Mbele amechomeka mbegu ya boga. Huyo ndiye rubani.

Nikamwuliza, "Je, ndege ikipigwa, rubani anafanyaje?"

Akanitazama kama anayeshangaa mtu mzima kuuliza jambo la wazi. "Anakufa."

Ndugu msikilizaji, mtoto yule alijua bawa, alijua mkia, alijua bomu. Kitu kimoja tu katika ndege ya kivita hakukijua, nacho ndicho pekee kilichotengenezwa kwa ajili ya kuokoa maisha. Picha za vita zimemfundisha namna ya kuua. Hakuna aliyemfundisha kwamba wahandisi wamekesha miaka mingi wakifikiria namna ya kumrudisha rubani nyumbani kwa mkewe.

Zamani rubani akitaka kuihama ndege alifungua kifuniko, akapanda ukingoni na kuruka na mwavuli wake. Ndege zilipozidi mwendo, hilo likawa haliwezekani. Upepo ulimkandamiza kitini, na akifaulu kutoka alikuwa hatarini kupigwa na mkia wa ndege yake mwenyewe. Ndipo likaja wazo la kukifyatua kiti pamoja na mtu wake. Tarehe 13 Januari 1942 rubani Mjerumani Helmut Schenk aliokoka kwa kiti cha namna hiyo baada ya ndege aliyokuwa akiijaribu kushikwa na barafu. Uingereza, James Martin alimpoteza mshirika wake, rubani Valentine Baker, mwaka huo huo wa 1942, katika ajali wakati wa kuijaribu ndege yao. Baada ya hapo Martin aliigeuzia akili yake kazi ya kuwaokoa marubani. Tarehe 24 Julai 1946 mfanyakazi wake, Bernard Lynch, alikubali kufyatuliwa kutoka ndege ya Meteor iliyokuwa angani, akatua salama. Viti vya kampuni hiyo ya Martin-Baker vimeokoa watu zaidi ya 7,000 hadi sasa.

Kinafanyaje kazi? Rubani anavuta mshikio, ambao mara nyingi una mistari ya njano na nyeusi. Kifuniko cha kioo kinang'oka au kinapasuliwa. Baruti inakisukuma kiti juu kwenye reli zake, kisha, kwa viti vya kisasa, roketi inawaka na kukipeleka juu zaidi. Kamba zinaivuta miguu ya rubani nyuma ili magoti yasikatwe. Mwavuli mdogo unakituliza kiti kisipinduke, rubani anaachana na kiti, na mwavuli mkubwa unafunguka. Yote hayo huweza kumalizika kwa sekunde mbili tatu. Mwili hubanwa kwa nguvu inayozidi mara kumi uzito wake, na wapo walioumia uti wa mgongo. Lakini wakabaki hai.

Wazee wetu wa Mwanza wanaikumbuka tarehe 29 Machi 1979. Siku hiyo ndege kubwa ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitupa mabomu ikilenga matangi ya mafuta mjini. Ilikosa shabaha kwa mbali. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala kadhaa. Hadithi hiyo tumeisimulia sana, na tumeicheka sana. Lakini ni wangapi kati yetu wanajua kwamba viti vya wana anga wa Tu-22 havikufyatuka kwenda juu? Vilifyatuka kwenda chini. Maana yake ni kwamba ndege hiyo ikiharibika karibu na ardhi, wakati wa kuruka au kutua, kiti cha kuokoa kilikuwa kinamtupa mtu chini. Aliyeichora ndege ile alitafuta mwendo kwanza, mtu akafuata baadaye. Ukikiona kiti cha namna hiyo kwa macho yako utaelewa jambo hilo bila mhadhara.

Ndiyo maana huko Uingereza na Marekani wapo watu wanaokusanya viti hivi vilivyostaafu. Wanavisafisha, wanatafuta mikanda yake halisi, wanachunguza vibao vya namba ili wajue kilitoka ndege gani. Mwingine ameunda ndege ndogo za plastiki miaka ishirini, halafu siku moja anakalia kiti cha kweli na kutambua jinsi chumba cha rubani kilivyo chembamba. Ndege ya mfano inakuonyesha umbo. Kiti kinakuonyesha kwamba ndani ya umbo lile kulikuwa na mtu mwenye mabega na magoti.

Na sisi je? Ndege za kivita zilizotumikia nchi hii kutoka China na Umoja wa Kisoveti hazikuwa chache, na chombo hakiishi milele. Hatari ninayoiona ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Huyu hana ubaya na historia. Yeye ana mizani tu. Kwake kiti cha rubani ni kilo kadhaa za chuma na aluminiamu, sawa na sufuria iliyotoboka. Kikishaingia kwenye tanuru kinatoka nondo. Na aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1978 sasa ni mzee. Akiondoka yeye, na chombo alichokitumia kikaondoka, tutabaki na masimulizi ya swala wa Saanane tu.

Hapa sina budi kutoa onyo. Sisemi mtu aende kuokota. Kiti cha rubani ambacho baruti yake haijaondolewa ni bomu, na mafundi wenye ujuzi wamewahi kuuawa navyo vikiwa chini, kwenye karakana. Tumeyaona ya Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na ya Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, mabomu yaliyolipuka ghalani yakaua raia majumbani mwao. Mtoto akiona kitu cha kijeshi asikiguse. Akaseme kwa mwalimu au kwa mwenyekiti wa kijiji. Kazi ya kukifanya kitu kama hicho kiwe salama ni ya wanajeshi wenyewe, na ni wao peke yao.

Lakini kikishafanywa salama, kwa nini kisiwekwe mahali pa kuonekana? Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yamehifadhi magari waliyotumia viongozi wetu, na watoto wanapanga mstari kuyaona. Bujora, pale Kisesa, Padre David Clement na Wasukuma waliomuunga mkono walihifadhi ngoma na vifaa vya watemi wakati ambapo wengine waliviona vya kizamani. Leo wageni wanatoka mbali kuviona. Kiti kimoja cha rubani na kipande cha bawa, vyenye maelezo kwa Kiswahili, Mwanza au Bariadi, havihitaji jengo la mabilioni.

Najua yapo maswali. Mtu atasema: wakulima wa Simiyu wanahangaika na maji na bei ya pamba, wewe unaleta ndege? Ni kweli wanahangaika. Lakini mwalimu anayefundisha skeli ubaoni kwa chaki anaweza kesho kuwaambia wanafunzi waje na ndege za mabua, wapime mabawa, wagawanye, wajue zimekuwa ndogo mara ngapi kuliko za kweli. Somo hilo halina gharama, na mwanafunzi hatalisahau. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha matengenezo ya ndege. Hatakwenda kila mtoto, lakini atakayekwenda lazima aanzie mahali.

Mwingine atasema tunawafundisha watoto vita. La hasha. Vita wameshafundishwa na kibanda cha video. Mtoto anayechonga ndege na kuitundika mabomu bado hajaonyeshwa upande wa pili. Mwonyeshe kiti. Mweleze kwamba nchi inaweza kununua ndege nyingine, lakini rubani huchukua miaka kumfundisha, na mama yake hana mwingine. Mtoto akilielewa hilo amejifunza kuthamini uhai kwa kupitia chombo kile kile alichokipenda kwa sababu ya kuua.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazazi ni dogo: ndama akiingia shambani, mwadhibu mtoto unavyoona inafaa, lakini ndege yake iache. Kwa walimu: ipimeni. Na kwa wenye dhamana ya vyombo vilivyostaafu: kabla ya kumwita mwenye mizani, wakumbukeni watu wa makumbusho. Chuma kinachouzwa leo kwa kilo, kesho hatutaweza kukinunua kwa bei yoyote.