Tusiwafiche Watoto Historia ya Utumwa



Wanafunzi hutuuliza: je, katika soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lililofungwa mwaka 1873, walikuwemo Waislamu miongoni mwa wauzaji? Jibu ni ndiyo. Wako wanaotutaka tunyamaze, wakichelea dini kutukanwa. Lakini Suratun-Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kushuhudia haki japo dhidi ya nafsi zetu. Tuwafundishe pia kuwa Qur'ani imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya baadhi ya makosa, na wauzaji wale waliyapa mgongo mafundisho hayo.

Leo wajukuu wa waliouzwa na wa waliouza huswali safu moja, ilhali bado zipo posa zinazokataliwa kwa sababu ya nasaba. Ukimya wetu ndio unaoilea dhulma hiyo.

Wabillahi tawfiiq.