Kadi ya Bima na Mgonjwa wa Kiharusi



Twaomba kunena habari ya kiharusi. Maradhi haya huja kwa namna mbili: ama damu huganda katika mshipa wa ubongo, ama mshipa hupasuka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, nayo yaweza kumwua aliyepasuka mshipa. Basi daktari hathubutu kuitoa pasipo kwanza picha ya ubongo. Picha hiyo ina bei yake. Mwenye bima huonyesha kadi. Asiye nayo, jamaa zake huzunguka wakikopa, na saa hazingoji. Akinusurika, yako mazoezi ya viungo ya miezi mingi, nayo hulipiwa.

Sisi watumishi wa Serikali ya Tanzania tuliwekewa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sheria ya mwaka 1999: asilimia 6 ya mshahara, nusu yetu, nusu ya mwajiri. Wazazi nao huweza kuandikishwa kuwa wategemezi. Kiharusi huwapata zaidi wazee, na bado wako wenzetu, hodari wa kujaza fomu za watu wengine, ambao mama zao hawamo. Waje Jumamosi na karatasi zao, tutazijaza pamoja.