Neno "deploy" na sisi wa Kisangani

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Makiso, Mangobo na Tshopo



Tulialikwa tuongee kidogo juu ya masomo ya Kingereza tunayofanya kila Jumamosi. Tunajua wengine wamekuja na daftari, wanangoja vitenzi. Vitenzi vitakuja, lakini kwa njia yetu.

Hali munaijua. Wengi wetu tumemaliza chuo, diploma iko ndani ya bahasha, sisi tuko nyumbani. Ukisoma tangazo la kazi, hasa la mashirika, chini kabisa unakuta mstari mmoja: ajue Kingereza. Kitabu kizuri cha Kingereza ni pesa ya chakula cha siku nyingi. Habari kwenye simu, ukiwa na mega kidogo tu, unaipata. Njo maana tulichagua kusoma habari. Na habari zenyewe zilikuwa za nini? Za basoda kutumwa ndani ya miji juu raia wameamka.

Neno la kwanza lilikuwa "deploy". Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulilitambua mara moja, ni mtoto wa "déployer". Kwa Kifaransa ndege anaweza ku-déployer mabawa, na mtu anaweza ku-déployer bendera. Maana yake ni kukunjua kitu kilichokuwa kimekunjwa. Neno safi kabisa, linanukia sabuni. Sasa sisi mtaani tunasema nini? Tunasema: banamwaga basoda. Tulibishana juu ya hilo karibu saa nzima, na tunaona neno la mtaani njo lenye ukweli. Kitambaa ulichokunjua unaweza kukikunja tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mfano uko karibu. Tarehe 6 Mei 2021 "état de siège" ilianza Ituri na Kivu ya Kaskazini. Magavana raia waliondoka, wanajeshi wakakaa kwenye viti vyao, na mahakama za kijeshi zikapewa kuhukumu raia. Ilikuwa ya siku 30. Halafu ikaongezwa siku 15, na 15 tena, na tena, mpaka watu waliacha kuhesabu. Kwa Kingereza wengine waliandika "state of siege", wengine "martial law". Kwa vijana wa Lucha wa Beni haikuwa swali la tafsiri: mwezi wa Aprili 2022, 12 kati yao walihukumiwa na mahakama ya kijeshi miezi 12 ya gereza.

Neno la pili: "unrest". "Rest" ni pumziko, "un" inakataa. Kukosa pumziko. Muangalie vile linafanya kazi: linashuka kama mvua, halina mwenyewe. Nani amekosa pumziko, na nani amemnyima, neno halisemi. Na ndugu zake wako vilevile. "Clashes erupted", mapigano yalilipuka, utafikiri ni Nyiragongo (watu wa Goma watusamehe). "Shots were fired", risasi zilipigwa. Na nani? Kwa Kiswahili pia tunayo ile "zilipigwa", tusijifanye watakatifu. Zoezi letu la kila Jumamosi ni hili: tunachukua habari moja, tunapiga mstari chini ya kila kitendo, kisha tunauliza, mtendaji yuko wapi? Kama hayuko tunaandika alama ya kuuliza. Kuna habari zinarudi na alama sita.

Lakini habari iliyotufundisha zaidi ilitoka Kenya. Mnaikumbuka tarehe 25 Juni 2024: vijana sawa na sisi, wamekataa sheria ya kodi, wameingia mpaka ndani ya Bunge pale Nairobi. Siku ileile waziri wa ulinzi, Aden Duale, akatangaza kwenye gazeti rasmi la serikali kwamba jeshi linatumwa kusaidia polisi. Tume ya haki za binadamu ya Kenya ilihesabu watu 39 waliokufa mpaka tarehe 1 Julai. Rais Ruto alikataa kutia sahihi sheria ile kesho yake, lakini basoda walikuwa tayari wametumwa.

Tulichimba Katiba yao, kifungu cha 241. Pale tukakuta milango miwili. Mmoja unasema jeshi linasaidia wakati wa dharura au maafa, halafu linatoa ripoti kwa Bunge: "report". Mwingine unasema jeshi laweza kurudisha amani pale penye "unrest", lakini kwa idhini ya Bunge tu: "approval". Ripoti unatoa ukishafanya. Idhini unaomba. Maneno mawili madogo, na kati yake njo inapita barabara yote kati ya jeshi na raia. Wanasheria wa Kenya waliliona hilo, wakakimbia mahakamani. Mahakama haikuzuia jeshi, lakini iliitaka serikali iandike wazi jeshi litafanya nini, wapi, na kwa muda gani. Marekani pia, mwezi wa Juni 2025, wanajeshi walipotumwa Los Angeles bila gavana wa California kukubali, ugomvi uliishia kwa majaji wakisoma neno moja-moja la sheria ya mwaka 1878.

Na sisi? Tukarudi kwa Katiba yetu, kifungu cha 26. Uhuru wa kuandamana umehakikishwa, na waandaaji wanatakiwa "informer par écrit" mamlaka inayohusika. Informer. Kujulisha kwa maandishi. Haikuandikwa "demander". Sasa mutuambie, ni mara ngapi tumepeleka barua, tukajibiwa: maandamano yenu hayakuruhusiwa? Tulikuwa tunarudi nyumbani tukifikiri tatizo ni muhuri. Tulilisoma neno hilo kwa Kifaransa miaka yote ya chuo, na ikatubidi tupitie Kingereza cha Kenya ili tulione. Barua yetu mpya inaanza na maneno "tunawajulisha", na neno "ombi" tumeliondoa kila mahali.

Kuna mzee mmoja alituuliza: munasoma mambo haya yote, munataka basoda wasitumwe popote? Hapana. Huyo mzee ni wa Lubunga. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Bambole na Balengola umechoma vijiji, watu wamevuka mto kukimbilia huku kwetu. Mama aliyeacha nyumba yake inaungua hakuuliza "deploy" inatoka lugha gani; aliuliza juu ya nini basoda hawafiki. Huyo ana haki. Swali letu ni: anatumwa kulinda nani, kwa amri ya nani, mpaka siku gani?

Maana mji huu maneno hayo unayajua kwa mwili. "Troops": Juni 2000, siku sita, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda wakapigana ndani ya Kisangani, mji usio wao, mabomu yakianguka kwenye nyumba zetu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuja kuiambia Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, hiyo ni Februari 2022. "Mutiny": 14 Mei 2002, uasi ndani ya RCD-Goma, ndege zikaleta basoda wengine kutoka Goma, na raia wa Mangobo wakalipa. Mto Tshopo ulibeba maiti. Wengi wetu tulikuwa watoto wa mgongoni, au hatujazaliwa. Wazazi wenu wako, muwaulize, hayo siyo ya kusoma kwenye simu.

Jumamosi ijayo ni saa nane, palepale. Mwenye Katiba ya Kifaransa aje nayo, tunayo moja tu na imechanika. Neno la siku litakuwa "withdraw": linatumika kwa kuondoa basoda, na pia kwa kutoa pesa benki. Hiyo maana ya pili tutaisoma kwa nadharia kwanza.