Mgawo Usioleta Ugomvi

Mara nyingi ugomvi wa shirika hauletwi na uchache wa chakula, bali huletwa na mabaki ya mgawo. Leo twataka kuwaonyesheni njia ya kuyaepuka.

Tuseme ghalani mna mahindi vibaba 252, maharagwe vibaba 180, na mtama vibaba 132. Twataka mafungu yaliyo sawasawa, mengi kadiri iwezekanavyo, wala pasibaki hata kibaba kimoja. Idadi ya mafungu hayo ndiyo iitwayo kigawo kikubwa cha shirika.

Tuanze na hesabu mbili. Tukigawanya 252 kwa 180, hubaki 72. 180 kwa 72, hubaki 36. 72 kwa 36, hakibaki kitu. Basi twaishika 36, twaendea hesabu ya tatu: 132 kwa 36, hubaki 24, 36 kwa 24, hubaki 12, 24 kwa 12, hakibaki kitu. Jibu ni mafungu 12, na kila fungu lina mahindi vibaba 21, maharagwe 15, na mtama 11. Ikiwapo hesabu ya nne, twaipambanisha na 12 vivyo hivyo.

Njia hii si ngeni. Euclid, Myunani, aliiandika kadiri ya mwaka 300 kabla ya Kristo. Kisa chake ni hiki: kigawacho hesabu mbili kamili hugawa na baki lake pia.

Basi fanyeni hesabu mbele ya wote kabla ya kufungua magunia, asiwepo wa kunung'unika kwamba amepunjwa.