Mpe Jembe, na Mavuno Yawe Yake

(Maneno ya katekista katika mkutano wa Jubilei, Zombo)



Tumeagizwa kusema habari ya wanawake waliokimbia vita, au utumwa, au mikono ya watu wa nyumbani mwao, na jinsi iwapasavyo kusaidiwa. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Bonde la Mkondoa, ambalo maji yake twayajua sote, lilikuwa zamani njia ya misafara iliyoshuka kutoka bara kwenda Bagamoyo. Wengi waliotembezwa katika njia kama hizo walikuwa wanawake na watoto, na majina yao hayakuandikwa.

Jina la mmoja tunalo. Swema hakupita bonde hili, maana alikuwa mtoto wa Kiyao kutoka kusini. Baba yake aliuawa na simba. Mama yake, mjane, alikopa mtama akashindwa kulipa. Mdai wake akamchukua mtoto, akamwuza kwa watu wa msafara. Mama akamfuata mwanawe, akafa njiani kwa njaa na kuchoka. Mtoto alifika Unguja hali amedhoofika hata wakamdhania amekufa, wakamzika katika kaburi lisilo na kina. Kijana mmoja akasikia kilio chake, akamfukua, akampeleka kwa masista wa misheni. Habari zake zilipigwa chapa Paris mwaka 1870.

Angalieni, ndugu zetu, mlango alioingilia mtumwa huyu. Si vita, wala si upanga. Ni deni la mtama. Mama yule angalikuwa na akiba ya magunia mawili, mwanawe asingaliuzwa. Basi twajifunza hapo kwamba anayetaka kumwokoa mwanamke asingoje mpaka kaburini. Na aanzie ghalani.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni ya Bagamoyo, na watumwa waliokombolewa wakakaa katika kijiji cha Kikristo. Walifundishwa kazi na kusoma, wagonjwa wakauguzwa. Mema hayo twayashukuru katika Jubilei hii. Walakini haki itatutaka tuseme na neno la pili. Wasichana wengi waliozwa, wakapewa nyumba na shamba chini ya amri za misheni, na mara nyingi uamuzi haukuwa wao. Mnyororo ulikatwa, lakini sauti haikurudishwa yote.

Siku hizi wako waliotuonyesha njia pana zaidi. Katika mji wa Bukavu, Kongo ya mashariki, daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, ambako wanawake wengi walioharibiwa miili katika vita wametibiwa. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Huko Panzi waliona kwamba kushona jeraha la mwili peke yake hakutoshi. Wakaweka nguzo nne: matibabu ya mwili, uponyaji wa moyo, msaada wa sheria, na kazi ya kumpatia mama riziki yake. Nguzo moja ikikosekana, nyumba huinama.

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa hiyo sisi makatekista, mama kama huyo abishapo hodi, na tushike mambo haya. Tusimwulize upesi, tumpe maji, chakula na mahali penye mlango unaofungwa. Tusimhubirie kusamehe kabla hajalia. Siri yake tusiipeleke kisimani. Akiwa ametendewa jeuri ya mwili, tumsindikize hospitali na polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, siku ile ile. Maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI yafaa kama ikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Wazee wakitaka kuyamaliza mambo kwa mbuzi na maneno matamu, tusikubali kuwa mashahidi wao.

Kisha iko methali nyingine tuipendayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huitumia kumfukuza mgeni. Sisi twaisoma vingine. Kumpa jembe ni kumwambia, wewe si mzigo, wewe ni mtu wa hapa. Mafuriko ya Mkondoa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yalipowaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makao, wakakaa hemani, wilaya yetu ilijua kwamba kukimbia si jambo la watu wa mbali. Aliyelala hemani hakuhitaji unga peke yake; alihitaji kujua atalima wapi.

Lakini jembe lisilo na mavuno ni utumwa wa pili. Mama akilima, na fedha za ufuta zikaishia mkononi mwa mwingine, tumemsaidia nini? Ndiyo sababu twavipenda vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na hesabu kusomwa mbele ya wote. Kidogo alichoweka kwa jina lake mwenyewe kitamzuia mdai asimguse mtoto wake.

Katika Maandiko, mwaka wa Jubilei ni mwaka wa kuwaacha huru watumwa na kumrudishia kila mtu shamba lake. Haukuwa mwaka wa ngoma na pilau tu. Basi twawaomba, wazee wetu, mwaka huu huu, kabla ya mvua za masika, kila kijiji kitenge shamba kwa wajane na kwa waliokimbilia kwetu, na mpaka wake uandikwe kwa majina yao. Nasi makatekista tutakuja kuyasoma majina hayo kanisani, moja moja, kwa sauti.